Je, Wajua? Mambo 15 Kuhusu API na Ahadi Zilizo Nyuma Yake

Ukinunua umeme wa LUKU kwa simu, tarakimu 20 za tokeni hukufikia ndani ya sekunde chache. Katika sekunde hizo, mfumo wa kampuni ya simu umekagua salio lako, mfumo wa shirika la umeme umethibitisha namba ya mita, na mwingine umetengeneza tokeni. Mifumo hiyo iliandikwa na watu wasiofahamiana, katika ofisi tofauti, pengine kwa lugha tofauti za programu. Inaelewana kwa sababu kuna masharti yaliyoandikwa: nani aulize nini, kwa mpangilio gani, na ajibiwe vipi. Masharti hayo ndiyo API.

Kuandika API si kazi kubwa. Kazi ni yale yanayofuata: kuichapisha, kuieleza, kuilinda, kuhesabu matumizi yake, na siku moja kuistaafisha bila kumwangusha aliyeitegemea. Kila API iliyo wazi ni ahadi kwa watu ambao mwenye mfumo hatawaona kamwe. Mambo haya 15 yanaonyesha ahadi hiyo ilikotoka, inavyotunzwa, na gharama ya kuivunja.

1. Wazo la API lilianzia kwenye kanda za karatasi

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kiliwasha kompyuta iliyoitwa EDSAC. Maurice Wilkes na wenzake David Wheeler na Stanley Gill waliona upesi kwamba kazi zilezile zilikuwa zikiandikwa upya kila mara: kutafuta kipeuo cha pili, kukokotoa sine, kuchapa namba. Wakaziandika mara moja, wakazitoboa kwenye kanda za karatasi na kuzitunza kama maktaba. Kufikia 1951 maktaba hiyo ilikuwa na vijisehemu 87 vya programu. Mwaka huohuo watatu hao walitoa kitabu kilichomwezesha mtu kukitumia kijisehemu bila kujua kilivyoandikwa ndani.

Mwaka 1952 Wheeler alitoa onyo ambalo bado lina uzito uleule: hata baada ya programu kuandikwa na kujaribiwa, hubaki kazi ya kuieleza kwa mtu asiyeujua undani wake, na huenda hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Jina lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1968, katika makala ya Ira Cotton na Frank Greatorex kuhusu michoro ya kompyuta za mbali. Intaneti tuijuayo leo haikuwepo.

2. Mambo matatu makubwa yalitokea mwaka 2000

Februari 2000 kampuni ya Salesforce ilizindua huduma yake pamoja na API, ili wateja waunganishe mifumo yao na taarifa zilizohifadhiwa kwenye seva zake. Novemba mwaka huo eBay ikafungua ya kwake kwa wauzaji waliotaka kupandisha bidhaa kwa programu badala ya kujaza fomu moja baada ya nyingine.

Katikati ya matukio hayo mawili, Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa kanuni za HTTP, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Humo alieleza mtindo alioupa jina REST: kila kitu kiwe na anwani yake, na vitendo viwe vilevile vichache ambavyo wavuti tayari inavijua. API nyingi unazozitumia leo bila kujua zimefuata mtindo huo, kikamilifu au kwa sehemu.

3. API ya Google Maps ilifunguliwa baada ya mtu kujifungulia mwenyewe

Google Maps ilizinduliwa Februari 2005 bila API. Paul Rademacher, mtaalamu wa programu aliyekuwa akitafuta nyumba California, alipekua msimbo wa ukurasa ule, akajua unavyofanya kazi, kisha akaweka juu ya ramani matangazo ya nyumba za kupanga kutoka tovuti ya Craigslist. Tovuti yake, HousingMaps, ikapendwa sana. Google haikumshtaki. Juni mwaka huohuo ilifungua API rasmi ya ramani, na baadaye ikamwajiri.

Matunda ya uamuzi huo yalifika Afrika Mashariki. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea Kenya, kundi dogo la wanablogu na wataalamu wa programu lilijenga Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Hawakuwa na muda wala fedha za kuchora ramani yao. Walitumia ya Google kupitia API, na mfumo ukawa kazini ndani ya siku chache.

4. Wafanyakazi wa Amazon waliamriwa wazungumze kwa API tu

Steve Yegge, aliyewahi kufanya kazi Amazon, alieleza mwaka 2011 kwamba takriban mwaka 2002 Jeff Bezos alitoa agizo kwa timu zote za kiufundi. Kila timu itoe taarifa na huduma zake kupitia API. Hakuna kusoma hifadhidata ya timu nyingine kwa mlango wa nyuma. Kila API ijengwe kana kwamba siku moja itauzwa kwa watu wa nje. Asiyetii atafukuzwa kazi.

Machi 2006 Amazon ilianza kuuza huduma ya kuhifadhi data iitwayo S3, na Agosti mwaka huo ikaanza kukodisha kompyuta kwa huduma ya EC2. Nidhamu ya ndani ilikuwa imezaa biashara: kampuni iliyozoea kuhudumiana yenyewe kwa masharti ya maandishi ilikuwa tayari kumhudumia mgeni kwa masharti hayohayo.

5. Lugha ya kuelezea API ilizaliwa kwenye kampuni ya kamusi

Wordnik ni kamusi ya mtandaoni ya Kiingereza. Ilikuwa na API iliyowapa wengine maana za maneno, lakini maelezo yake yalichakaa kila programu ilipobadilishwa. Tony Tam, aliyekuwa akifanya kazi hapo, akaanzisha mradi wa Swagger, uliotolewa kwa umma mwaka 2011. API yote huelezwa katika faili moja ambalo mtu analisoma na kompyuta inalisoma pia. Kutoka faili hilo hutolewa kurasa za maelezo, majaribio, hata msimbo wa kuanzia.

Mwishoni mwa 2015 mradi huo ulikabidhiwa kwa Linux Foundation, na mwaka 2016 kiwango chenyewe kikaitwa OpenAPI. Leo ukifungua jukwaa lolote kubwa la kusimamia API, swali la kwanza huwa hili: je, una faili la OpenAPI? Onyo la Wheeler la 1952 lilikuwa limepata chombo cha kulijibu.

6. Kuchapisha API kwenye wingu kuna hatua tano

Tuchukue mfano wa SAP Integration Suite, jukwaa la wingu linalotumiwa na makampuni kuunganisha mifumo ya uhasibu, ghala, mishahara na mauzo.

Kwanza, unasajili mfumo ulio nyuma: anwani yake na jinsi ya kujitambulisha kwake. Pili, unatengeneza proksi, yaani anwani mpya ya mbele ambayo watu wa nje wataijua. Tatu, unaiwekea proksi kanuni: kukagua ufunguo, kuzuia mafuriko ya maombi, kugeuza data kutoka muundo wa XML kuwa JSON. Nne, unakusanya proksi moja au zaidi katika kifurushi kinachoitwa bidhaa. Tano, unaiweka bidhaa hiyo kwenye tovuti ya wasanidi programu, ambako mtu anajisajili, anasoma maelezo, anaunganisha programu yake na kupewa ufunguo pamoja na siri yake.

Hatua ya pili ndiyo inayookoa watu wengi. Kampuni ikihamisha seva kutoka chumba chake cha kompyuta kwenda kwenye wingu, wateja hawabadilishi hata herufi moja, kwa sababu anwani waliyopewa ni ya proksi. Hatua ya nne nayo ndiyo inayogeuza programu kuwa makubaliano: ni nani anaruhusiwa, mara ngapi kwa siku, na kwa masharti gani.

SAP haikuanza kutoka sifuri. Huduma yake ya kusimamia API ilijengwa juu ya teknolojia ya Apigee, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2016 kwa dola milioni 625.

7. Maombi 30 kwa dakika huenda yakamaanisha moja kila sekunde mbili

Lango la API ndilo hupokea kila ombi kabla halijaufikia mfumo wenyewe. Humo kuna kanuni mbili ambazo wageni wa kazi hii huzichanganya. Ya kwanza huzuia mafuriko: inailinda seva isizidiwe na maombi yanayokuja kwa kishindo. Ya pili huhesabu mgao: mteja huyu amelipia maombi 10,000 kwa mwezi, hivyo asipite hapo.

Katika Apigee, ukiiwekea kanuni ya kwanza kikomo cha maombi 30 kwa dakika, lango haliruhusu maombi yote 30 katika sekunde ya kwanza. Linagawanya dakika, na kuruhusu ombi moja kila sekunde mbili. Msanidi asiyejua hili anaweza kutuma maombi matatu kwa mpigo, mawili yakakataliwa, akadhani mfumo umeharibika.

Amazon hutumia hesabu nyingine, inayojulikana kwa jina la ndoo ya tokeni. Fikiria ndoo inayojazwa kwa kasi isiyobadilika, na kila ombi linachota tokeni moja. Ikiwa imejaa, unaweza kuchota nyingi kwa pamoja; ikikauka, unasubiri. Katika kanda nyingi, API Gateway ya Amazon huanza na kikomo cha maombi 10,000 kwa sekunde na ndoo ya 5,000 kwa kila akaunti. Anayezidisha hujibiwa kwa namba 429, iliyoingizwa rasmi katika kanuni za wavuti mwaka 2012. Lango zuri humwambia pia asubiri sekunde ngapi kabla ya kujaribu tena.

Mpangilio wa kanuni nao una maana. Kizuia mafuriko huwekwa mwanzo kabisa kwa sababu hakihitaji kumjua mteja. Ukaguzi wa ufunguo hufuata. Mgao huja baada ya hapo, kwa kuwa huwezi kumhesabia mtu usiyemtambua.

8. Mizizi ya baadhi ya malango maarufu haiko Silicon Valley

WSO2, inayotoa programu huria ya kusimamia API, ilianzishwa mwaka 2005 na mizizi yake iko Colombo, Sri Lanka. Kong ilianzishwa na vijana wa Kiitaliano waliotoka Milan na kuhamia Marekani. Walitoa lango lao kama programu huria mwaka 2015. Kong yenyewe imejengwa juu ya NGINX, seva iliyoandikwa na Mrusi Igor Sysoev na kutolewa mwaka 2004. Sehemu kubwa ya msimbo wa Kong iko katika Lua, lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil.

Ombi moja likipita kwenye lango hilo limepita mikononi mwa Italia, Urusi na Brazil kwa sehemu ya sekunde. Kijana wa Mwanza au Bujumbura anayedhani kazi hii ni ya watu wa California pekee ana mifano minne ya kumtoa wasiwasi.

9. "Ombi limepokelewa" si "malipo yamefanyika"

Mwaka 2015 Safaricom ilihamisha mfumo wa M-Pesa kutoka seva zilizokuwa Ujerumani kuja Kenya, kwenye mfumo mpya. Mwaka 2017 ikazindua Daraja, tovuti ambako msanidi yeyote anaweza kujisajili, kupata ufunguo na kujaribu malipo katika mazingira ya majaribio kabla ya kugusa fedha halisi. Namba 174379, ya majaribio, inajulikana na karibu kila msanidi wa Kenya aliyewahi kuunganisha malipo.

Mtindo unaotumika zaidi ni ule wa kumletea mteja dirisha la PIN kwenye simu yake. Mfumo wa duka huomba kwanza tokeni ya kuingilia, inayodumu kama saa moja. Kisha hutuma namba ya simu, kiasi, na anwani ya kupokelea majibu. Daraja hujibu papo hapo kwa msimbo 0. Hapo ndipo makosa ya gharama huanza: msimbo huo husema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado hajaweka PIN.

Jibu la kweli huja baadaye kwenye anwani ile ya majibu. Likiwa 0, fedha zimelipwa. Likiwa 1, salio halitoshi. Likiwa 1032, mteja ameghairi. Likiwa 1037, simu yake haikufikiwa au hakujibu kwa wakati. Duka linalotoa mzigo kwa kusoma jibu la kwanza litatoa mzigo bure. Maelezo ya API yanapotofautisha majibu hayo mawili kwa lugha nyepesi, yanalinda mtaji wa mtu.

10. Kuna ufundi wa kuzuia mtu asikatwe fedha mara mbili

Mtandao ukikatika baada ya ombi la malipo kutumwa, mtumaji hajui kama lilifika. Akituma tena, huenda akalipa mara mbili. Asipotuma, huenda hajalipa kabisa. Kampuni ya malipo ya Stripe hulitatua hivi: mtumaji huambatanisha kitambulisho cha pekee na ombi lake. Ombi lenye kitambulisho kilekile likirudi, mfumo haufanyi malipo mapya. Unarudisha jibu lile la kwanza.

Kwa nchi ambazo mtandao unayumba, ufundi huu ni wa lazima. Anayebuni API ya malipo Afrika Mashariki anapaswa kuanza na swali la mtandao kukatika katikati, kabla ya kufikiria rangi za tovuti yake.

11. Namba ya malipo ya serikali ni kazi ya API

Nchini Tanzania, tangu 2017, malipo mengi ya serikali hupita kwenye mfumo wa GePG. Unapewa kontroo namba ya tarakimu 12, unalipa benki au kwa simu, na taasisi husika inapata taarifa. Nyuma ya namba hiyo mifumo hutumiana ujumbe wa XML uliotiwa saini ya kidijitali, ili anayepokea athibitishe ulikotoka na kwamba haukuchezewa njiani.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, ulifuata njia hiyohiyo ya mifumo kuulizana: kidole chako kililinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na wakala hakuhitaji kuwa na hifadhidata ya taifa kwenye kifaa chake. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo inaendesha GovESB, mfumo unaounganisha taasisi za umma ili zibadilishane taarifa.

Estonia ilitangulia kwa X-Road mwaka 2001. Finland na Iceland ziliufuata. Wazo ni lilelile: taarifa zibaki kwa mwenyewe, maswali ndiyo yasafiri. Mwananchi asibebeshwe nakala za cheti kutoka dirisha moja hadi jingine kwa sababu ofisi mbili hazijui kuulizana.

12. API iliyosahaulika inaweza kumwaga siri za mamilioni ya watu

Septemba 2022 kampuni ya simu ya Optus, Australia, ilitangaza kuibiwa taarifa za wateja. Mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ACMA, ilieleza mahakamani madai yake ya jinsi ilivyotokea. Kosa la msimbo la mwaka 2018 liliondoa ulinzi kwenye API moja. Mwaka 2021 kampuni iliona kosa hilo kwenye tovuti yake kuu na kulirekebisha. Lakini API hiyo ilikuwa pia kwenye anwani nyingine iliyolala, isiyohitajika tena, na huko haikurekebishwa. Waliohusika walikuwa wateja zaidi ya milioni 9.5, wa sasa na wa zamani. Kwa maelezo ya ACMA, shambulio hilo halikuhitaji ustadi mkubwa.

Ndiyo maana daftari la API zote ulizonazo, pamoja na zile unazodhani zimekufa, ni chombo cha ulinzi sawa na kufuli lolote.

13. Ruhusa pana ni hatari hata bila mwizi

Toleo la kwanza la Graph API ya Facebook liliruhusu programu kuchukua taarifa za rafiki zako, ingawa wao hawakuulizwa. Programu moja ya maswali ya tabia iliwekwa na watu takriban 270,000. Mwaka 2018 Facebook ilikadiria kwamba taarifa za watu hadi milioni 87 huenda ziliifikia kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica kwa njia hiyo. Hakuna kufuli lililovunjwa: API ilitoa ilichoruhusiwa kutoa.

Shirika la OWASP hutoa orodha ya hatari kumi kubwa za API. Katika toleo la 2019 na la 2023, ya kwanza ni ileile: mfumo unakagua kwamba umeingia, lakini haukagui kama kumbukumbu unayoiomba ni yako. Badili namba moja kwenye anwani, na unaona ankara ya jirani. Lango haliwezi kutibu hili peke yake, kwa sababu linaujua ufunguo lakini halijui ankara ni ya nani. Aliyeandika mfumo wa ndani ndiye anayepaswa kuuliza.

14. Majina ya API yaliwahi kufikishwa Mahakama ya Juu ya Marekani

Google ilipotengeneza Android ilinakili takriban mistari 11,500 ya Java: majina ya amri na mpangilio wake, huku ikiandika upya msimbo wa ndani. Oracle, mmiliki wa Java, ilishtaki mwaka 2010. Tarehe 5 Aprili 2021 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 2, kwamba matumizi hayo yalikuwa ya haki kisheria. Haikuamua kama majina ya API yanaweza kuwa na hakimiliki. Ilichukulia hivyo kwa ajili ya hoja tu. Jaji Stephen Breyer, aliyeandika uamuzi, alitilia maanani kwamba wasanidi wamewekeza muda wao kujifunza majina hayo. Ujuzi wa watumiaji ukawa sehemu ya hoja ya sheria.

15. Kustaafisha API kuna ustaarabu wake

Mwaka 2023 Reddit ilitangaza bei mpya ya API yake: dola 0.24 kwa kila maombi 1,000, kuanzia Julai 1. Mtengenezaji wa Apollo, programu ya simu iliyopendwa na wasomaji wengi wa Reddit, alikadiria gharama yake kufikia dola milioni 20 kwa mwaka. Juni 12 maelfu ya majukwaa ya Reddit yalijifunga kwa kupinga. Juni 30 Apollo ilizimwa. Reddit ilikuwa na haki ya kutoza. Kilichoumiza ni muda: takriban mwezi mmoja tu kati ya kujua bei na kuanza kudaiwa.

Stripe imechagua njia nyingine tangu ilipoanza mwaka 2011. Matoleo ya API yake hupewa majina ya tarehe, na mteja hubaki kwenye toleo aliloanza nalo hadi atakapoamua mwenyewe kuhama. Aliyeandika programu yake miaka mingi iliyopita haamki asubuhi na kukuta malipo yamegoma.

Na kwa API inayokaribia mwisho, kuna njia ya kutangaza. Kiwango RFC 8594 cha mwaka 2019 kinaruhusu kila jibu la API kubeba tarehe ambayo huduma itazimwa. Programu ya mteja inaweza kuisoma tarehe hiyo yenyewe na kumwonya mwenye nayo miezi kabla.

Majukwaa ya wingu yamerahisisha kuchapisha kiasi kwamba API mpya inaweza kwenda hewani mchana mmoja. Urahisi huo unadai uangalifu zaidi, kwa sababu kila iliyochapishwa itapata mtu wa kuitegemea: muuza duka wa Kisumu anayesubiri jibu la malipo, zahanati ya Kigoma inayohakiki bima ya mgonjwa. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, kila taasisi iandike mambo manne: jina la mtu anayewajibika, maelezo ambayo mgeni anaweza kuyafuata bila kupiga simu, tarehe ya ukaguzi ujao, na notisi ya muda gani itatolewa siku ya kufunga. Isiyo na manne hayo haijawa tayari kutoka.